Kukiri Kosa Kusiwe Nauli ya Kutokea Kifungoni

Kila mwaka ifikapo tarehe 12 Januari, siku tunayoadhimisha Mapinduzi ya mwaka 1964, imekuwa desturi ya Rais wa Zanzibar kuutumia uwezo aliopewa na Katiba na kuwasamehe baadhi ya wanafunzi wa Vyuo vya Mafunzo. Milango hufunguliwa, watu wakarejea kwa jamaa zao, na mabarazani mazungumzo yakaanza. Wapo wanaoshukuru kwa sababu mtoto wao amerudi. Na wapo wanaouliza swali ambalo halistahiki kupuuzwa: yawaje mtu afunguliwe kabla ya muda wake kwisha, ilhali hajapata kutamka hata siku moja kwamba alikosa?

Swali hilo si la barazani peke yake. Linawakabili pia maofisa wanaokaa kupitia majalada na kuandika mapendekezo, hapa Visiwani na kule Tanzania Bara, ambako Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 imeweka njia ya mfungwa mwenye sifa zinazotakiwa, aliyekwisha kutumikia theluthi moja ya kifungo chake, kumalizia muda uliobaki akiwa nje chini ya uangalizi. Kazi hiyo ni nzito. Ofisa akiandika katika jalada kwamba fulani "bado anakana kosa", maneno hayo matatu yaweza kuwa ukuta mrefu kuliko ukuta wa gereza lenyewe.

Sisi tunasema wazi tangu mwanzo. Kukiri kosa kusifanywe sharti la kuachiwa mapema. Anayekiri kwa hiari yake apokewe kwa heshima, na kukiri kwake kutiwe katika mizani. Asiyekiri apimwe kwa mwenendo wake, kwa kazi aliyoifanya, kwa hatari aliyonayo kwa jamii na kwa maandalizi ya maisha yake ya baadaye. Lakini lango lisifungwe kwa sababu tu ulimi wake umekataa kutamka neno tunalotaka kulisikia.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Wanaotaka sharti hilo liwepo si watu wasio na akili, na yafaa hoja zao zisikilizwe kwa ukamilifu.

Husema, kwanza, kwamba mgonjwa anayekana ugonjwa wake hatumii dawa. Mtu asiyekubali kwamba aliiba atajifunza vipi kuacha wizi? Husema, pili, kwamba mahakama imekwisha kutoa hukumu, na kuendelea kukana ni kuidharau mahakama. Na tatu, hoja iliyo nzito kuliko zote, husema kwamba yuko aliyedhulumiwa. Yuko mama aliyezika mwanawe. Yuko binti aliyevunjiwa heshima yake. Hawa wanangoja neno moja tu kutoka kwa aliyewaumiza, na Serikali inamrudisha mtu huyo mtaani bila ya neno hilo.

Hoja hizi zinagusa nyoyo. Hata hivyo, sharti la sheria halipimwi kwa uzuri wa nia iliyolizaa. Hupimwa kwa kuangalia linamnasa nani na linamwachia nani apite.

LINAMNASA NANI?

Tuchukue watu watatu walio kifungoni. Wa kwanza ni mkosaji aliyejuta kweli. Wa pili ni mkosaji asiyejuta hata kidogo, lakini ni mjanja na anajua maofisa wanapenda kusikia nini. Wa tatu hakutenda kosa lile, bali alitiwa hatiani kwa ushahidi uliokosewa.

Wakiambiwa wote kwamba anayekiri ndiye atakayefikiriwa, itakuwaje? Wa kwanza atakiri, na hapo hapana tatizo. Wa pili atakiri pia, tena kwa machozi na kwa ufasaha kuliko wa kwanza, kwa kuwa uongo haumgharimu kitu. Atakayebaki ndani ni yule wa tatu, ambaye kosa lake pekee ni kukataa kusema uongo. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Mtego huu ni mbaya zaidi ya ule, maana panya mzoefu anajua namna ya kuutegua, na anayenaswa ni mpita njia.

Yuko na wa nne, ambaye wenye kutunga masharti aghalabu humsahau. Huyu alitenda kosa, na moyoni anajua, lakini hawezi kulitamka kwa haya. Visiwa vyetu ni vidogo. Neno lililosemwa ofisini asubuhi hufika shehiani kabla ya adhuhuri. Mama yake mzazi amewaambia majirani kwa miaka kwamba mwanawe hakufanya. Binti zake wanangoja kuposwa. Mtu wa namna hii hukana mbele ya watu, na usiku hujuta peke yake, na yawezekana asirudie kosa lile maisha yake yote. Tukimfungia lango hatupati usalama wowote zaidi.

Tena makosa mengi si ya ndiyo au siyo. Watu wawili wamegombana juu ya mpaka wa shamba, mmoja akafa. Aliyesalia anakiri kwamba alipiga, bali anakana kwamba alikusudia kuua. Je, huyo amekiri au amekana? Ofisa aliyepewa fomu yenye visanduku viwili atatia alama wapi?

MAHAKAMA NI YA BINADAMU

Huenda msomaji akauliza kama kweli wapo wasio na kosa miongoni mwa waliohukumiwa. Tuangalie Uingereza, nchi ambayo sheria zake ndizo zilizozaa sehemu kubwa ya sheria za jinai tulizozirithi, na ambayo ina mahakama zenye vitendea kazi vingi kuliko zetu.

Stephen Downing alikuwa kijana wa miaka 17, mfanyakazi wa makaburini katika mji mdogo wa Bakewell, alipokamatwa mwaka 1973 kwa shambulio la mwanamke mmoja ambaye baadaye alifariki. Uwezo wake wa kusoma ulikuwa sawa na wa mtoto wa miaka 11. Alihojiwa kwa saa nyingi bila ya wakili, akatia saini maelezo ya kukiri. Baadaye akayakana, wala hakurudi nyuma tena. Alihukumiwa mwaka 1974, na kwa kuwa aliendelea kukana akahesabiwa kuwa hafai kuachiwa kwa parole. Miaka ikapita hadi ikafika 27. Aliachiwa kwa dhamana mwaka 2001, na Januari 2002 Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu yake kwa kuwa ungamo lile la mwanzo halikuwa la kutegemewa.

Tulizingatie jambo hili. Ungamo moja lisiloaminika ndilo lililomtia ndani, na kukataa kutoa ungamo la pili ndiko kulikomweka huko.

Wa pili ni Andrew Malkinson. Mwaka 2004 alitiwa hatiani kwa kosa la kubaka na kupewa kifungo cha maisha, na muda wa chini aliotakiwa kuutumikia kabla ya kufikiriwa kuachiwa haukufika miaka 7. Alikana siku ya kwanza, akakana miaka yote iliyofuata. Alitoka Desemba 2020, baada ya zaidi ya miaka 17. Tarehe 26 Julai 2023 Mahakama ya Rufaa ilifuta hukumu yake, kwa sababu vipimo vya vinasaba vilielekea kwa mtu mwingine kabisa. Yeye mwenyewe amesema kwamba lau angekubali kukiri kwa uongo angetoka miaka mingi kabla. Na aliyedhulumiwa naye hakupata haki muda wote huo, kwa kuwa macho ya dola yalikuwa yameelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Hapa maofisa wetu wana somo la pekee. Tangu miaka ya 1990 mahakama za Uingereza zimeamua kwamba mfungwa hawezi kunyimwa parole kwa sababu moja tu ya kukana kosa. Kwa maandishi, lango lilikuwa wazi. Lakini ili mtu aonekane hatari yake imepungua alitakiwa apitie mafunzo maalum, na baadhi ya mafunzo hayo hayakumpokea asiyekiri. Kwa hiyo asiyekiri hakupata mafunzo, asiye na mafunzo hakuwa na la kuonyesha, na asiye na la kuonyesha alirudishwa chumbani. Sharti lililotolewa mlangoni likaingia dirishani. Ndiyo maana haitoshi kusema kwamba sheria yetu haikuandika neno "kukiri". Tuangalie fomu zetu, mafunzo yetu, na maswali ambayo maofisa wetu huyauliza.

HISTORIA ILIYO KARIBU NASI

Asije mtu akadhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya pekee. Pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki inaijua bei ya ungamo.

Baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya wananchi waliwekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani. Kambi zilipangwa kama mnyororo. Mtu aliyekiri kwamba alikula kiapo cha Mau Mau alisogezwa hatua moja kuelekea nyumbani, na aliyekataa alisukumwa kwenye kambi ngumu na za mbali zaidi. Watu waligawanywa kwa rangi, weupe, kijivu na weusi, kwa kadiri walivyohesabiwa kuwa wamelainika. Miongoni mwa kambi za mbali ilikuwapo ile ya Takwa, katika kisiwa cha Manda kilicho jirani na Lamu, katika bahari hii hii tunayoivua. Mwisho wa njia hiyo ulionekana Hola, tarehe 3 Machi 1959, pale watu 11 waliokuwa wamekataa kushirikiana na wakoloni walipopigwa hadi kufa. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka masikitiko yake juu ya mateso ya siku zile na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa waathirika 5,228.

Hatusemi kwamba Vyuo vyetu vya Mafunzo ni Hola. Wale walikuwa watu waliozuiliwa na mkoloni bila ya kuhukumiwa, na hawa wetu wamehukumiwa na mahakama za nchi iliyo huru. Tunachosema ni kwamba mfumo wowote unaofanya ungamo kuwa nauli hubadilisha kazi ya askari. Badala ya kumrekebisha mtu, huanza kutafuta neno kinywani mwake. Idadi ya waliokiri hugeuka kuwa ndicho kipimo cha kazi njema, na hapo tena hakuna anayeuliza kama waliyoyasema ni kweli.

Tukumbuke pia Afrika Kusini. Tarehe 31 Januari 1985 Rais P. W. Botha alimwahidi Nelson Mandela kumfungua endapo angeikana kwanza njia ya mapambano aliyoichagua. Mandela alikataa kuununua uhuru wake kwa masharti, na jibu lake likasomwa na binti yake mbele ya umma huko Soweto mwezi Februari mwaka ule. Alikaa kifungoni miaka mitano zaidi, hadi tarehe 11 Februari 1990. Afrika nzima ilimheshimu kwa sababu ya kukataa huko. Haitakuwa sawa tukimsifu mkubwa kwa kukataa kusema asichokiamini, kisha tukamwadhibu mnyonge kwa jambo lile lile.

KISA TULICHOSOMA CHUONI

Wasomaji wetu wengi walikisoma kisa cha Nabii Yusuf tangu wakiwa wadogo, wamekaa juu ya jamvi mbele ya mwalimu. Yusuf alitiwa gerezani kwa tuhuma ya uongo, akakaa humo miaka kadhaa. Mfalme alipotaka atolewe, mjumbe alikuja na habari njema ambayo kila mfungwa huiota. Yusuf hakukimbilia mlangoni. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake, akataka kwanza iulizwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Uchunguzi ukafanywa, na mke wa mkubwa yule akasema kweli kwamba ni yeye aliyemtaka, na Yusuf alikuwa msafi.

Lau kipimo cha Misri siku zile kingekuwa ni mfungwa kukiri, Yusuf angefia gerezani. Na aliyekiri katika kisa kile hakuwa mfungwa. Alikuwa mkosaji wa kweli, aliyeambiwa aseme mambo yalivyokuwa baada ya jambo kuchunguzwa upya.

Kadhalika wanavyuoni wetu wametufundisha kwamba toba ina nguzo zake: kuacha kosa, kujuta, na kuazimia kutolirudia, na ikiwa iko haki ya mja, basi kuirudisha. Hakuna nguzo isemayo kutia saini mbele ya ofisa ili kupunguziwa miezi. Wametufundisha pia kwamba ikrari iliyotolewa kwa kulazimishwa haina nguvu. Kumwambia mtu aliyetengwa na watoto wake kwa miaka kwamba akisema neno moja atawaona kesho, na asiposema hatawaona, ni kumtia katika dhiki ambayo kwayo neno lake haliaminiki tena.

Sheria za nchi zinakubaliana na hayo. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania Bara ya mwaka 1967 inataka ungamo mbele ya polisi liwe la hiari, na inalihesabu kuwa si la hiari likiwa limevutwa kwa kitisho au kwa ahadi. Basi tunawauliza wanasheria wetu: ahadi inayolitia shaka ungamo wakati mtu anaingia itakuwaje ilitakase ungamo wakati anatoka? Na huyo aliye na rufaa inayongoja kusikilizwa, tukimtaka akiri ili aachiwe, si tutakuwa tumemlazimisha auze haki yake ya rufaa? Maneno atakayoyatia saini leo yatasomwa mbele ya majaji kesho.

Wengine husema mbona mahakama humpunguzia adhabu anayekiri kosa mwanzoni mwa kesi. Ni kweli, na ina maana yake. Anayekiri mapema huwaokoa mashahidi na usumbufu, huokoa muda wa mahakama, na humwepusha aliyedhulumiwa na mateso ya kusimulia yaliyompata mbele ya hadhara. Lakini baada ya kesi kwisha na hukumu kutolewa, faida hizo hazipo tena. Kinachobaki kuulizwa ni kimoja: je, mtu huyu akirudi mtaani, watu watakuwa salama?

JE, ANAYEKANA NDIYE HATARI ZAIDI?

Juu ya jambo hili ujuzi umepatikana, na hauungi mkono dhana iliyozoeleka. Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Canada, Hanson na Morton-Bourgon, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi juu ya waliotenda makosa ya kujamiiana, wakaona kwamba kukana kosa hakukuwa na uhusiano wa maana na kulirudia. Na mwaka 2017 Serikali ya Uingereza ilichapisha tathmini ya mafunzo makuu yaliyokuwa yakitolewa magerezani kwa watu wa makosa hayo, mafunzo ambayo mfungwa hutakiwa humo kulieleza kosa lake mbele ya wenzake. Waliopitia mafunzo hayo walirudia makosa ya namna hiyo kwa asilimia 10, na wafungwa wa kulinganishwa nao ambao hawakuyapitia kwa asilimia 8. Mafunzo hayo yakaondolewa.

Hatuchukui habari hizi kusema kwamba kujuta hakuna thamani. Tunazichukua kusema kwamba neno la mdomo ni kipimo dhaifu. Yapo mengine yanayoonekana kwa macho. Ana ufundi gani alioupata? Akifika shehiani nani atampokea? Ameacha ulevi na dawa za kulevya? Akichokozwa hufanya nini? Yuko mbali na mtu aliyemuumiza, au anapanga kurudi mlango wa jirani naye?

HAKI YA ALIYEDHULUMIWA

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatutaki aliyedhulumiwa asahauliwe. Kwa maoni yetu, sharti la kukiri ndilo linalomsahau, kwa sababu linampa karatasi yenye ungamo lililonunuliwa, kisha linamwambia anyamaze. Msamaha unaoombwa kwa sababu ya miezi 18 iliyopunguzwa haumponyi mtu, na aliyeumizwa huwa wa kwanza kuutambua uongo wake.

Anachostahiki ni kuarifiwa kabla mtu yule hajaachiwa. Anastahiki kusikilizwa juu ya hofu yake. Anastahiki kuona masharti yenye nguvu: mtu huyo asikaribie nyumba fulani, skuli fulani, au kisima fulani, na akivunja arudishwe ndani siku hiyo hiyo. Penye mali iliyoibwa, mali irudishwe. Hayo yana faida kwake kuliko neno.

Iko hali moja inayohitaji kutengwa na nyingine. Muuaji akijua mwili ulikofichwa, na akakataa kusema, anaendeleza dhulma kila siku kwa kuwanyima wafiwa nafasi ya kuzika. Uingereza ilipata msiba wa namna hiyo, na sheria ikatungwa mwaka 2020 kuitaka Bodi ya Parole izingatie ukimya huo. Lakini hata pale, pamoja na uchungu wote wa wazazi, Bunge lao halikusema kwamba asiyeonyesha mwili asitoke kabisa. Lilisema jambo hilo liwekwe katika mizani. Huo ndio msimamo wetu: yawekwe katika mizani yote yanayostahiki, bali pasiwe na jambo moja linalovunja mizani yenyewe.

TUNACHOKITAKA

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 imempa Rais uwezo wa kusamehe. Haikumfunga kwa sharti kwamba anayesamehewa akiri kwanza, na hekima hiyo ya Katiba isipunguzwe na fomu za ofisini. Kwa hiyo tunawaomba wahusika mambo manne.

Kwanza, kila anayepitia majina ya wanaopendekezwa kuachiwa mapema aelekezwe kwa maandishi kwamba kukana kosa, peke yake, si sababu ya kuliondoa jina.

Pili, mafunzo yote ya ufundi, elimu na nasaha yawe wazi kwa wanaokiri na wanaokana, ili pasiwe na mtu anayenyimwa njia ya kujionyesha kwamba amebadilika.

Tatu, pale ambapo mtu amekana kwa miaka mingi bila ya kuyumba, ilhali anajua kwamba kukana kunamdhuru, jalada lake lisomwe upya na wanasheria. Hilo si kuidharau mahakama. Kamati ya msamaha si mahakama ya rufaa, na lazima ianzie kwenye hukumu kama ilivyo. Lakini inaweza kuwasha taa ili wenye dhamana waangalie.

Nne, familia za waliodhulumiwa zipelekewe habari mapema kupitia kwa masheha na maofisa wa ustawi wa jamii, zisije zikamwona mtu sokoni Darajani au Chake Chake kabla ya kuambiwa kwamba ametoka.

Nchi yetu iliamua kuwaita wafungwa wanafunzi, na gereza Chuo cha Mafunzo. Jina hilo ni ahadi. Mwalimu mwema hamtahini mwanafunzi kwa kumtaka atamke kwamba alikuwa mjinga. Humpa kazi aifanye, akaangalia amejifunza nini. Na wanachama wa Chama chetu huahidi kusema kweli wakati wote. Hatuwezi kuwa na ahadi hiyo katika matawi yetu, kisha katika Vyuo vyetu tukawafundisha watu kwamba uongo hufungua milango na ukweli huifunga.

Wapo hivi sasa wanafunzi ambao majalada yao yatafunguliwa kabla ya Januari ijayo. Baadhi yao wamekiri, na baadhi yao wamekana tangu siku ya kwanza. Tunawataka maofisa watakaoyashika majalada hayo wasome kurasa zote, kuanzia taarifa za kazi na tabia hadi barua za jamaa na hofu za waliodhulumiwa, kabla ya kuandika pendekezo lao.